Kusanifu mitaro ya maji ya mvua kwa kompyuta: Mambo ya kuzingatia

MVUA za masika zinaponyesha jijini Dar es Salaam kati ya Machi na Mei, kazi ya mhandisi wa mitaro hupimwa kwa saa chache tu. Mtaro uliosanifiwa vizuri hupitisha maji bila mtu kuutambua, ilhali ule uliokosewa huyamwaga ndani ya nyumba za watu.

Gharama ya makosa hayo inafahamika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini humo na kuwaacha maelfu bila makazi, hasa katika bonde la Mto Msimbazi, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Aprili 2024, Serikali ililiarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kote kutokana na mvua kubwa za msimu huo zilizoambatana na mafuriko na maporomoko ya ardhi.

Siku hizi michoro mingi ya mitaro, makaravati na mabomba ya maji ya mvua huandaliwa kwa programu za kompyuta. Programu hizo hukamilisha kwa dakika chache hesabu ambazo zamani zilimchukua mhandisi siku kadhaa kwa kalamu na majedwali. Hata hivyo, haziujui mtaa unaosanifiwa. Zinajua tu kile zilicholishwa.

Yafuatayo ni mambo ya msingi ambayo mhandisi, ofisa wa halmashauri na hata mwananchi anayejengewa mtaro anapaswa kuyafahamu kabla mchoro haujaidhinishwa.

Programu zinazotumika

Miongoni mwa programu zinazotumiwa sana ni Civil 3D ya kampuni ya Autodesk, inayotumika kuchora barabara, mabomba na chemba juu ya sura ya ardhi. Nyingine ni StormCAD ya kampuni ya Bentley, mahususi kwa mifumo ya maji ya mvua.

Zipo pia programu zinazotolewa bila malipo. SWMM ya Wakala wa Mazingira wa Marekani (EPA) ilianza kutengenezwa mwaka 1969, na hukokotoa mtiririko katika mitaro na mabomba ya mijini. HEC-RAS, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, hutumika zaidi kwa mito, madaraja na mabonde yanayofurika.

Ni muhimu kutofautisha kuchora na kukokotoa. Mtandao wa mabomba unaochorwa ndani ya Civil 3D ni umbo tu. Kanuni zake za ndani huweza kukagua kina cha kufukia bomba na mteremko wake, lakini hazielezi kama bomba hilo litabeba maji ya mvua kubwa. Jibu la swali hilo hupatikana baada ya uchambuzi wa mtiririko kufanyika.

Aidha, sehemu kubwa ya hesabu zilizomo ndani ya programu hizo si mpya. Njia ya kukadiria maji yatokanayo na mvua iliasisiwa na Thomas Mulvany katikati ya karne ya 19, na kanuni ya kasi ya maji katika mtaro iliwasilishwa na Robert Manning mwaka 1889. Wote wawili walikuwa wahandisi wa Ireland. Kwa sababu hiyo, mhandisi anayezifahamu kanuni hizo anaweza kuihakiki kompyuta kwa kikokotoo cha mkononi.

Vipimo vya ardhi

Makosa mengi huanzia kwenye vipimo vya ardhi, kabla programu haijafunguliwa. Katika maeneo tambarare kama Jangwani au Msasani, maji huamua yaelekee wapi kutokana na tofauti ya sentimita chache za mwinuko.

Ramani za mwinuko zinazopatikana bure kwenye intaneti, kama zile zilizotokana na safari ya chombo cha anga ya mwaka 2000 iliyojulikana kama SRTM, zinaweza kuwa na hitilafu ya mita kadhaa. Ramani hizo zinafaa kuonesha bonde zima la mto, lakini hazifai kuamua mteremko wa mtaro wa mtaani, ambao katika mita 200 unaweza kushuka mita moja tu. Kazi hiyo inahitaji mpima ardhi.

Jambo la pili ni mfumo wa kuratibu. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia mfumo wa Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Mifumo hiyo miwili ikichanganywa bila kubadilishwa ipasavyo, mtaro huonekana umehama karibu mita 300 kutoka mahali ulipo.

Jambo la tatu ni sura ya ardhi inayotumiwa katika mchoro. Vifuniko vya chemba na kingo za mtaro vinapaswa kufungamanishwa na sura ya ardhi itakavyokuwa baada ya ujenzi, si ilivyokuwa siku ya upimaji. Barabara ikiinuliwa kwa kifusi cha nusu mita na mchoro ukabaki na ardhi ya zamani, vifuniko vitafukiwa, na nyumba za pembeni zitakuwa chini ya barabara.

Maji hayafuati mipaka ya viwanja

Baada ya vipimo, hatua inayofuata ni kubaini eneo lote linaloleta maji kwenye mtaro. Programu inaweza kuchora mpaka wa eneo hilo yenyewe kwa kufuata miinuko, lakini haioni ukuta wa uzio uliojengwa mwaka jana, tuta la barabara, wala bomba ambalo mkazi amelielekeza kwa jirani.

Mhandisi anashauriwa kuchapisha ramani hiyo na kuitembelea kwa miguu, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, akiwa na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakazi wa muda mrefu wanajua maji hutokea wapi, na alama za tope kwenye kuta hueleza yalifika kimo gani.

Dar es Salaam ina mfano mzuri wa kutumia maarifa ya wakazi. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wananchi kuchora njia, majengo na mitaro ya kata zinazokumbwa na mafuriko, na kuingiza taarifa hizo katika ramani huria ya OpenStreetMap. Taarifa za aina hiyo humpunguzia mhandisi kubahatisha, ingawa haziondoi haja ya kupima kina na mwinuko wa kila mtaro.

Mvua ipi itumike

Kosa la kawaida ni kutumia wastani wa mvua wa mwaka au wa siku. Mtaro haufuriki kwa sababu ya wastani, bali kwa ukali wa mvua katika dakika chache.

Mwaka 1974, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza (TRRL) walichapisha njia ya kukadiria mvua kali za Afrika Mashariki ambayo hadi leo hutajwa katika usanifu wa barabara. Utafiti huo ulionesha kuwa tabia ya mvua ya pwani si sawa na ile ya bara. Kwa njia hiyo, siku yenye mvua ya milimita 100 pwani inakadiriwa kuwa na dakika 15 zenye takriban milimita 18. Bara, siku yenye kiasi hichohicho inakadiriwa kuwa na takriban milimita 38 katika dakika 15.

Maana yake ni kwamba mchoro wa Dar es Salaam haupaswi kunakiliwa Dodoma au Tabora kwa kigezo kwamba mvua ya siku inalingana. Vilevile, takwimu za zamani zinahitaji kulinganishwa na kumbukumbu za karibuni za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mvua ya mfano inayokuja na programu iliyotengenezwa Marekani isitumike kwa sababu tu ipo kwenye orodha.

Muda wa mvua unapaswa kulingana na muda ambao tone la maji kutoka sehemu ya mbali zaidi ya eneo huchukua kufika kwenye mtaro. Muda huo ukikadiriwa kuwa mrefu kupita kiasi, ukali wa mvua hupungua katika hesabu na mtaro huwa mdogo. Katika mitaa iliyosakafiwa, maji hufika kwa dakika chache.

Neno jingine linalopotosha ni mvua ya miaka 10. Wengi hudhani ni mvua inayokuja mara moja kila baada ya miaka 10. Ukweli ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa mvua hiyo kufikiwa au kuzidi, na inaweza kuja miaka miwili mfululizo. Katika kipindi cha miaka 10, uwezekano wa kutokea angalau mara moja ni takriban asilimia 65.

Hivyo, kuchagua kipindi hicho ni uamuzi wa kijamii pia. Mtaro mdogo wa pembeni mwa barabara ya mtaa unaweza kusanifiwa kwa mvua ya miaka 5 au 10, lakini karavati linalolinda hospitali au barabara kuu linahitaji kipindi kirefu zaidi. Uamuzi huo unapaswa kuandikwa wazi kwenye ripoti.

Hesabu ya mtaa wa hekta sita

Kwa maeneo madogo, programu nyingi hutumia njia ya Mulvany. Eneo kwa hekta huzidishwa kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, kisha kwa kigezo cha utiririkaji, na jibu hugawanywa kwa 360 ili kupata mita za ujazo kwa sekunde. Kigezo hicho huonesha sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Bustani yenye udongo wa kichanga huweza kuwa na 0.1, wakati bati na lami hukaribia 0.9.

Chukua mtaa wa hekta 6 wenye kigezo cha 0.6 na mvua ya milimita 100 kwa saa. Maji yatakayofika ni mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani lita 1,000. Bomba la zege la kipenyo cha milimita 750, lenye mteremko wa mita 5 katika kila mita 1,000, hubeba takriban lita 790 likijaa, hivyo halitoshi. La milimita 900 hubeba takriban lita 1,280, na ndilo litakalochaguliwa.

Miaka michache baadaye, wakazi wanasakafia nyua zao, viwanja vilivyokuwa wazi vinajengwa na kigezo kinapanda hadi 0.85. Mvua ni ileile, lakini maji sasa ni takriban lita 1,420 kwa sekunde. Bomba lililoonekana kubwa siku ya uzinduzi limezidiwa.

Kwa mji unaokua kama Dar es Salaam, ambao sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, ni busara kusanifu kwa matumizi ya ardhi yatakavyokuwa mtaa ukishajaa. Mhandisi anapaswa kuiendesha programu mara mbili, kwa hali ya sasa na kwa hali ijayo, na kuonesha majibu yote mawili.

Njia hii ya hesabu ina mipaka yake. Kwa mabonde makubwa, au palipo na mabwawa ya kupunguza kasi ya maji, inafaa kutumia programu zinazofuata mtiririko dakika kwa dakika, kama SWMM.

Mteremko na ukwaruzo

Mteremko ndio unaoyasukuma maji. Bomba lilelile la milimita 900, likilazwa kwa mteremko wa mita 1 katika mita 1,000 badala ya 5, hubeba takriban lita 570 tu kwa sekunde. Fundi anayelaza bomba kwa macho bila kifaa cha kupimia usawa anaweza kuufuta usanifu wote.

Kasi ya maji nayo ina mipaka. Ikiwa chini ya mita 0.6 hadi 0.9 kwa sekunde, mchanga hutuama. Ikiwa kubwa mno, maji huanza kula kingo na sakafu ya mtaro, hasa ule wa udongo au mawe. Orodha ya kasi katika kila kipande cha mtandao ni miongoni mwa kurasa za kwanza za kukaguliwa katika ripoti ya programu.

Kigezo cha ukwaruzo pia kisiachwe kama programu ilivyokiweka. Zege laini hupewa takriban 0.013 na bomba la bati lenye mikunjo takriban 0.024. Mtaro wa mawe au wa udongo hauwezi kupewa namba ya zege kwa matumaini kwamba utapitisha maji mengi zaidi.

Mahali mtaro unapoishia

Swali linalosahaulika mara nyingi ni maji yataishia wapi. Programu nyingi humruhusu mhandisi kuchukulia kuwa mwisho wa mtaro uko huru. Dar es Salaam, mwisho huo mara nyingi ni bahari au mto ambao nao umejaa.

Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hiyo huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mtaro unaotoa maji baharini hauna pa kuyapeleka, na maji hurudi nyuma hadi mitaani. Vivyo hivyo kwa mitaro inayoingia Mto Msimbazi wakati mto wenyewe umefurika kutokana na mvua za upande wa Pugu.

Mhandisi anapaswa kuingiza kimo cha maji ya bahari au ya mto kama sharti la mwisho, na kuchagua njia ya hesabu inayoweza kuona maji yanayorudi nyuma. Katika SWMM, njia ya wimbi la kinematiki haiwezi kufanya hivyo. Inayofaa ni ile ya wimbi la dinamiki.

Kusoma matokeo kwa makini

Kompyuta ikimaliza bila kuonesha kosa, haimaanishi kuwa usanifu ni sahihi. Yapo mambo manne ya kukagua.

Kwanza ni vipimo. Programu nyingi zilitengenezwa Marekani na huweza kufunguka zikiwa katika futi na inchi. Mchanganyiko wa futi za ujazo na mita za ujazo huleta kosa la zaidi ya mara 35.

Pili ni uwiano wa maji. SWMM huonesha katika ripoti tofauti kati ya maji yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Tofauti hiyo ikikaribia au kuzidi asilimia 10, matokeo hayaaminiki.

Tatu ni maji yanayofurika kwenye chemba. Katika SWMM, kama mhandisi hakuruhusu maji yatuame juu ya chemba, yale yanayofurika huondolewa kabisa katika hesabu. Matokeo yake ni kwamba mitaro ya chini huonekana salama kwa sababu maji yametoweka ndani ya kompyuta, ilhali mtaani yataendelea kutiririka kuelekea nyumba za chini.

Nne ni mgongano na miundombinu mingine. Civil 3D inaweza kukagua kama bomba la mvua linakatiza bomba la maji safi au la majitaka, mradi mabomba hayo yameingizwa kwenye mchoro kwa kina chake halisi. Bila ukaguzi huo, mgongano hugunduliwa na kijiko cha mkandarasi.

Taka na mchanga

Programu huchukulia kuwa mtaro ni safi. Hali halisi ya mijini ni tofauti, kwani mchanga kutoka barabara za vumbi, chupa za plastiki na taka za majumbani huingia kila siku.

Mtaro wa zege wenye upana na kina cha mita moja, ukijaa mchanga sentimita 30, hupoteza takriban asilimia 36 ya uwezo wake. Inashauriwa kuiendesha programu kwa mara nyingine mtaro ukiwa na mchanga wa kiasi hicho, ili kuona ni mtaa upi utafurika kwanza. Jibu hilo huisaidia halmashauri kupanga ratiba ya usafishaji kabla ya masika na vuli, na kuamua mahali pa kuweka mitego ya mchanga na mifuniko inayoweza kuinuliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuidhinisha

Fedha zinazoelekezwa katika kazi hizi ni nyingi. Mwaka 2022 pekee, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Wananchi na madiwani wana haki ya kuuliza maswali yafuatayo kila mchoro wa mtaro unapoletwa mbele yao:

1. Ardhi ilipimwa lini na nani, na kwa mfumo upi wa kuratibu?

2. Eneo linaloleta maji limekaguliwa kwa miguu, au limechorwa na kompyuta pekee?

3. Imetumika mvua ya miaka mingapi, na takwimu zake zilitoka kituo gani?

4. Hesabu imezingatia mtaa utakapojaa nyumba?

5. Maji yanaishia wapi, na itakuwaje mvua ikikutana na bamvua au mto uliojaa?

6. Mvua ikizidi uwezo wa mtaro, maji yatapita njia gani?

7. Nani atasafisha mtaro, mara ngapi kwa mwaka, na kwa fungu lipi?

Swali la sita lina uzito wa pekee, kwa kuwa hakuna mtaro unaotosha kwa kila mvua. Usanifu makini huacha njia ya dharura, kama vile barabara au uwanja wa wazi, ambako maji ya ziada yatapita bila kuingia majumbani. Njia hiyo ikionekana kwenye mchoro, inaweza kulindwa isijengwe.

Mhandisi asiyeweza kuyajibu maswali hayo bila kuifungua kompyuta anahitaji kurudi uwanjani kabla ya kusaini mchoro. Programu haiwajibiki kwa mtaro uliofurika. Anayewajibika ni mhandisi aliyeweka sahihi yake.